Jina la Ford katika Udongo wa Rungwe

Mtu wa pwani aliyezoea nchi tambarare, minazi na upepo wa kusi, akiisha kuipita Uyole na kuanza kuipanda milima ya Poroto kuelekea Tukuyu, hupokewa kwanza na baridi, kisha na ukungu, kisha na kijani kibichi kisichokuwa na ukomo, hata akadhani kwamba Mwenyezi Mungu, alipokuwa akiwagawia mvua waja wake wa nchi hii, aliwawekea Wanyakyusa amana fungu la watu wa Dodoma na la watu wa Singida, na kwamba amana ile haijarejeshwa mpaka leo. Kushoto na kulia ni mashamba ya viazi juu ya miteremko ambayo mbuzi wa kwetu Tanga angeikataa. Chini yake ni migomba, na chini ya migomba ni migomba mingine. Na juu ya yote hayo ni mlima Rungwe wenyewe, unaokaribia mita 3,000 kwenda juu, ambao hujionyesha alfajiri na kujitanda mawingu kabla ya adhuhuri.

Gari tulilopanda lilikuwa Toyota Noah, na mbele yetu Noah, na nyuma yetu Noah, isipokuwa pale ilipopita Kosta ya Kyela, au Fuso lililosheheni mikungu ya ndizi hata springi zake zikalalama katika kila kona. Nilikuwa nikiyatazama magari hayo kwa makusudi, kwa kuwa katika siku zilizoitangulia safari yangu nilikuwa nimezama katika habari za Henry Ford, yule Mmarekani aliyeitia dunia nzima magurudumu, nikawa na hamu ya kujua ni kitu gani kilichosalia cha jina lake katika wilaya hii, ambayo kwa hali ya udongo wake na wingi wa mvua yake ndiyo hasa ingalistahili kumuenzi. Kutoka Uyole mpaka Kiwira niliona Ford moja tu, nayo ni pikapu mpya aina ya Ranger, nyeupe, yenye antena ndefu, imewabeba wataalamu wa mradi fulani waliofunga vioo vyote.

Kiwira tulisimama, na asiyesimama Kiwira hana haja ya kusema kwamba amefika Rungwe. Akina mama walituzunguka na mabeseni ya maparachichi, ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma, na mmoja wao, aliponitambua kwa matamshi yangu kuwa ni mgeni, akanipa parachichi moja zaidi ya niliyoyalipia, na nilipomshukuru kwa neno la pekee la Kinyakyusa nililokuwa nalo, yaani ndaga, akacheka na kuwaita wenzake waje wamsikilize Mswahili. Kwetu ndizi mbichi ikipikwa bila tui la nazi huhesabiwa kuwa chakula cha mgonjwa. Huku huliwa na maharage, au na nyama, nayo huitwa mbalaga, na baada ya kuionja jioni ile nyumbani kwa mwenyeji wangu sikuiona nazi kuwa ni faradhi tena.

Mwenyeji huyo wa Tukuyu, mzee aliyekwisha kupita miaka 80 na ambaye bado hutembea bila fimbo, alikuwa utingo wa lori katika ujana wake, miaka michache kabla ya uhuru. Na nilipomtajia jina la Ford, uso wake ulikunjuka kama wa mtu aliyeulizwa habari za mchumba wa zamani.

"Mwanangu," akasema, "lori letu lilikuwa Ford V8, masalio ya vita vya Hitila, bodi la mbao, milango hamna. Mhindi mmoja alilinunua Mbeya. Wakati wa masika dereva alikaa, mimi nilitembea. Nilitembea nyuma nimeshika kabari, gari likianza kurudi naitupa chini ya tairi, nakimbia mbele kufunga minyororo. Kila kijito cha njia hii nakijua kwa sababu ya rejeta, maana lori zote za siku zile zilikuwa na kiu, za Ford na za Bedford."

"Na lilipokwama kabisa, mzee wangu?"

"Tulilala. Watu wa kijiji wakatuletea ndizi. Asubuhi tukakata matawi, tukayatandika, tukatoka. Siku hizi gari likikwama dakika kumi watu wanapiga simu."

Kisha akanieleza jambo alilosimuliwa na marehemu baba yake, naye akilisimulia kwa shaka kidogo, ya kwamba katika miaka ya mwanzo ya Waingereza palikuwapo gari la Mzungu mmoja ambalo kila lilipofika penye mlima mkali liligeuzwa, likapanda kinyumenyume, na watoto wakalifuata wakipiga makofi. Nilifurahi kumhakikishia kwamba baba yake hakumtania. Gari lile hapana shaka lilikuwa Ford Modeli T, ambayo tangi lake la petroli lilikuwa chini ya kiti, nayo petroli haikusukumwa na pampu yoyote bali ilitiririka yenyewe mpaka kwenye injini. Kwa hiyo tangi likipungua, na gari likielekeza pua juu mlimani, injini ilikosa petroli ikazimika, ilhali likigeuzwa kinyume tangi lilikuwa juu na injini chini. Fauka ya hayo, gia ya kurudi nyuma ilikuwa na nguvu kushinda ile ya kwenda mbele.

Hapa yafaa niseme kwa nini naliona gari lile kuwa na nasaba na nchi kama Rungwe. Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan, mwana wa mkulima, na barabara alizozijua katika utoto wake zilikuwa za udongo mtupu, zenye kugeuka tope zito kila theluji ilipoyeyuka. Alipoiunda kampuni yake mwaka 1903, na hatimaye, mwezi wa Oktoba 1908, akaitoa hiyo Modeli T, hakuikusudia iwe pambo la matajiri wa mjini, ambao walikwisha kuwa na magari ya fahari tele, bali iwe chombo cha mkulima: limeinuka juu ya ardhi lisigotane na visiki, chuma chake ni kile cha vanadi chenye wepesi na ugumu pamoja, chasisi yake hujipinda na kujinyosha katika makorongo bila ya kuvunjika, na akili yake ni nyepesi kiasi kwamba mkulima mwenyewe aliweza kulitengeneza kwa spana na waya. Liliuzwa dola 850 mwanzoni. Kufika katikati ya miaka ya 1920 aina yake ya rahisi ilinunuliwa kwa dola 260. Na lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha kutoka milioni 15. Kiwanda chake cha Highland Park, mwaka 1913, kilianza kuyavuta magari mbele ya mafundi badala ya mafundi kuyafuata magari, na kazi ya kuunganisha chasisi moja, iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu, ikashuka mpaka dakika 93.

Sifa zote hizi ni za tope. Lami ilikuwa haijaenea alipolifikiri gari lake, na mimi nashikilia kwamba sifa ya Ford ilisimama imara popote pale ambapo tope lilikuwa kadhi wa kukata hukumu, na ilianza kulegea pale kampuni ilipopata watengenezaji waliokulia juu ya lami.

Walakini insafu yataka pia tusilipambe gari kwa heshima isiyo yake. Katika Vita Vikuu vya Kwanza majeshi ya Waingereza yalitumia magari mepesi ya Ford katika Afrika Mashariki, kubeba vyakula na majeruhi. Lakini wakati jeshi la Jenerali Northey lilipotoka Nyasaland na kuingia Tukuyu, mwezi wa Mei 1916, mji uliokuwa ukiitwa na Wajerumani Neu Langenburg, mzigo mkubwa wa vita vile haukubebwa na Ford wala na mwenziwe, bali na vichwa vya binadamu, wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu na pande zote mbili, ambao wengi wao hawakurudi makwao.

Mengi ya magari yale ya Ford, juu ya hivyo, hayakutoka Marekani yenyewe. Kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoundwa mwaka 1904 ng'ambo ya mto kutoka Detroit, ndiyo iliyopewa ruhusa ya kuuza katika makoloni ya Mwingereza, nayo ikajua kutia usukani upande wa kulia. Hata lori la mzee wangu, ikiwa ni masalio ya vita vya pili kweli, aghalabu asili yake ni huko. Baadaye Uingereza ikachukua zamu, kwa kiwanda cha Dagenham kilichofunguliwa mwaka 1931, ambacho ndicho kilichotuletea akina Anglia, Consul, Zephyr na Cortina, yale magari ambayo makarani na walimu wa baba zetu walipiga picha wakiyaegemea, hata yakiwa si yao.

Kesho yake niliteremka kwenda kuyatazama mashamba ya chai. Mandhari yake yanajulikana kwa picha, lakini picha haiwezi kuonyesha namna ukungu unavyopita kati ya mistari ya chai ukawafunika wachumaji mpaka kiunoni, wakabaki vichwa na vikapu tu. Trekta moja la Ford, buluu yake imekwisha kupauka ikawa rangi ya moshi, lilikuwa likivuta trela la majani mabichi, na dereva wake, kijana ambaye yamkini umri wake haufikii nusu ya umri wa chombo chake, aliniambia kwamba halizimwi mchana kutwa, si kwa sababu ya kazi, bali kwa sababu ya betri. Ford aliyapenda matrekta kuliko hata magari. Lile la Fordson, lililoanza mwaka 1917, alilitengeneza kwa chuki ya jembe la farasi alilolisukuma utotoni. Lakini warithi wake waliiuza biashara ya matrekta kwa Fiat ya Italia mwaka 1991, na kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya boneti ya lile la buluu ni jina la mtu aliyehama nyumba.

Nikiwa nimesimama pale nilikumbuka shamba jingine, alilolianzisha Ford mwenyewe katika msitu wa Brazil mwishoni mwa miaka ya 1920, ukingoni mwa mto Tapajós, ili apate mpira wa matairi yake bila ya kuwategemea Waingereza. Aliuita mji ule Fordlandia, akajenga nyumba za Kimichigan, akapiga marufuku pombe, akawataka wavuna mpira wale uji wa shayiri na mchele wa kahawia, tena wapange mstari na sahani mkononi. Na mwezi wa Desemba 1930 wafanyakazi wakavunja bwalo lile la chakula, wakawakimbiza wakubwa mpaka mtoni. Miti ya mpira, iliyopandwa karibu karibu, ikaliwa na maradhi ya majani, na mwaka 1945 shamba likarudishwa kwa serikali ya Brazil kwa hasara ya takriban dola milioni 20. Mtu aliyelijua tope la kwao hakulijua tope la wenziwe, wala hakuuliza wanakula nini. Waingereza nao, mara baada ya hapo, walitufanyia yayo hayo kwa mradi wa karanga wa Kongwa, kwa hiyo si Mmarekani peke yake.

Tabia hii ya kutaka kuingia katika vyungu vya watu aliianza nyumbani. Mwezi wa Januari 1914 alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku ya saa nane, zaidi ya mara mbili ya ule wa kawaida, dunia ikamsifu. Walakini aliyeutaka mshahara ule kamili alikubali kutembelewa na wakaguzi waliochungulia usafi wa nyumba yake, unywaji wake na hali ya ndoa yake. Gazeti lake la Dearborn Independent, kuanzia mwaka 1920, lilieneza chuki dhidi ya Mayahudi, na mwaka 1938 akapokea nishani kutoka serikali ya Hitler. Wapiganiaji wa chama cha wafanyakazi walipigwa na walinzi wake mwaka 1937 hadharani, mbele ya wapiga picha, na hakutia sahihi mkataba nao mpaka mwaka 1941. Mtu huyo huyo, pamoja na mwanawe Edsel, ndiye asili ya wakfu wa Ford wa mwaka 1936, na fedha za wakfu huo ndizo zilizolipia, katika miaka ya 1960, uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha katika nchi za Afrika Mashariki, Kiswahili chetu kikiwamo. Sijui la kufanya na habari hizi mbili zikiwekwa pamoja, ila kuziweka pamoja.

Gereji niliyoingia mchana ule ilikuwa chini ya mti, karibu na barabara kuu, na fundi wake alikuwa amelala chini ya Land Rover 109 isiyokuwa na rangi ya kutajika. Nilimweleza kwamba Ford iliinunua Land Rover mwaka 2000 na kuiuza mwaka 2008 kwa Tata ya India, pamoja na Jaguar, kwa dola bilioni 2.3. Akatoka chini ya gari, akajifuta mikono.

"Yaani walikuwa nalo gari la matope mkononi, wakaliuza?"

"Waliuza."

"Basi walikuwa na njaa."

Naye alikisia sawa, kwa maana miaka miwili kabla ya hapo kampuni ilikuwa imekopa zaidi ya dola bilioni 23 na kuweka rehani mali zake, pamoja na ile nembo ya buluu yenyewe. Na deni hilo, ambalo wengi waliliona kuwa wazimu, ndilo lililoiokoa isiingie mufilisi mwaka 2009, wakati General Motors na Chrysler zilipokwenda mahakamani.

Fundi huyu, ambaye babaye pia alikuwa fundi, alikulia katika nyumba iliyosikiliza mbio za magari za Safari redioni kila Pasaka, na ushindi wa Ford aliutaja bila ya kufikiri: Zephyr mwaka 1955, Cortina mwaka 1964 ikiendeshwa na Peter Hughes, Taunus 1969, kisha Escort ya Hannu Mikkola mwaka 1972, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji, na Escort tena mwaka 1977. Hakusahau kuongeza kwamba Bert Shankland wa Dar es Salaam alizishinda zote kwa Peugeot mwaka 1966 na 1967. Nilipomuuliza ni kwa nini basi hakuna Ford barabarani, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, maana walionivika cheo hicho Tukuyu walikuwa wengi, "gari zuri ni lile ambalo spea yake ipo Mwanjelwa, Mbeya. Noah ikiharibika asubuhi, mchana spea ya mtumba imefika, jioni inabeba abiria. Ranger ni gari lenye nguvu, silisemi vibaya, lakini lazima lipimwe kwa kompyuta, na kompyuta mimi sina."

Ile akili nyepesi iliyotengenezeka kwa spana na waya imehamia kwa Wajapani, na kuhama kwake kuna tarehe. Mwaka 1950 Eiji Toyoda, wa ukoo wenye Toyota, alikwenda Dearborn akakaa majuma kadhaa katika kiwanda kikubwa cha Ford cha River Rouge, akitazama na kuandika. Akayachukua aliyoyaona kuwa mema, na mengine, hususan ule wingi wa mali iliyolala ikingoja kutumika, akayaacha. Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, magari yao yaliyokwisha kutumika yalishuka bandarini yakiwa tayari na usukani mahali pake na bei ambayo mwalimu wa sekondari aliweza kuiota.

Siku niliyokwenda Masoko mzee alifuatana nami, akisema kwamba ziwa lile la Kisiba halitazamwi bila ya mtu wa kulieleza. Kituoni palitokea jambo dogo. Mke wa mmoja wa wanawe alikuwa amekwisha kupanda gari, na alipomwona mkwewe akishuka njiani kulijia, alifunika uso kwa kanga, akateremka kwa mlango wa pili na kusogea nyuma ya kibanda cha vocha. Kwa desturi ya Kinyakyusa ya tangu zamani mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake ana kwa ana wala hasemi naye. Mzee akapanda mbele, akatazama kioo cha mbele tu. Kisha yule mama akarudi, akakaa nyuma kabisa, na kondakta, kijana wa kileo mwenye hereni, aliyapanga hayo yote bila ya kuuliza wala kucheka.

"Katika lori ilikuwa rahisi," mzee aliniambia baadaye. "Wakwe mbele, wake nyuma chini ya turubai, katikati mizigo. Hizi Noah zimetubana. Wengine wameacha."

Ziwa lenyewe ni duara la maji meusi ndani ya tundu la volkano, na juu yake lipo jengo la mawe la Wajerumani lililokuja kuwa mahakama. Tulikaa pembeni tukila mahindi, naye akaniuliza ile Ranger ni bei gani. Nilipomtajia, akaanza kuihesabu kwa ng'ombe, akakunja vidole vya mkono mmoja na wa pili mara kadhaa, akaishia mahali ambapo zizi la ukoo mzima lilikuwa limekwisha. Ndipo nikamweleza kwamba mwaka 1914 mfanyakazi wa Ford, kwa mshahara wake wa dola 5, aliweza kulinunua gari alilolitengeneza kwa kazi ya miezi minne hivi.

Akatafuna kwa muda.

"Na huyu mchuma chai wa pale juu," akauliza, "atachuma miezi mingapi apate Noah?"

Nikamwambia kwamba hesabu hiyo sijaifanya.

"Ifanye," akasema, "uniletee na majibu. Ya Amerika umeniletea bila kuulizwa." Kisha akasikia honi ya gari la kurudi Tukuyu, akainuka upesi, akaniacha mimi nikikusanya maganda, ili awahi kiti cha mbele.